Jitu Lilipomwita Shangazi

Shangazi alikuja Minnesota kututembelea kutoka Tanga, na mwanangu akang'ang'ania tumpeleke Brainerd akamwone Paul Bunyan. Njia nzima kutoka Minneapolis, zaidi ya saa mbili, kazi yangu ikawa kumweleza huyo Bunyan ni nani. Nikamwambia ni jitu la hadithi, mkata miti ambaye wakata magogo wa huku walikuwa wakipigiana soga zake kambini wakati wa baridi. Alipozaliwa aliletwa na korongo watano, mmoja hamwezi. Ana fahali wa buluu aitwaye Babe, na nyayo zao zilipojaa maji ndiyo yakawa haya maziwa 10,000 ya Minnesota.

"Uongo wao mkubwa kuliko nchi yao," akasema Shangazi, akaendelea na tasbihi yake.

Nikafika kwenye kikaango. Kilikuwa kipana hata vijana wakajifunga mapande ya nyama ya nguruwe miguuni, wakateleza juu yake kukipaka mafuta, ndipo chapati za maji zikapikwa.

Tasbihi ikasimama. "Nguruwe? Miguuni? Kisha watu wakala? Astaghfirullah! Na sisi tunamwendea kwa hiari yetu?"

Sasa, Bunyan wa mji wa Bemidji, sanamu iliyojengwa 1937, ni mtu na heshima zake: amesimama na fahali wake, kimya. Huyu wa Brainerd ameketi, kimo chake futi 26, na anasema. Tena huwaita watoto kwa majina. Siri iko mlangoni, mzazi anaponong'ona jina la mtoto. Mwanangu, shetani mdogo yule, alitangulia mlangoni akataja la bibi yake.

Tukaingia. Shangazi yuko mbele, buibui limepigwa pasi, analikagua jitu kuanzia buti kwenda juu. Hajafika hata magotini, sauti nzito ikashuka: "Mwa-na-i-diii! Kutoka Tanga!"

"Abee!" akaitika Shangazi.

Ndiyo malezi hayo. Akiitwa huitika kwanza, kuuliza baadaye. Kisha akainua macho aone ni nani kamwita.

Alinidaka mkono, tukatoka mbio. Magoti yaliyokuwa yakimsumbua tangu uwanja wa ndege yakapona papo hapo. Tukamkumba mzee mmoja na bisi zake, bisi zikaruka, kiatu cha Shangazi kikabaki njiani. Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Na jitu nalo, bila huruma: "Mwanaidi! Kiatu chako!"

"Limeita mara ya pili," Shangazi akahema. "Usigeuke, mwanangu! Likiita ya tatu hatufiki nyumbani."

"Na kiatu, Shangazi?"

"Liachie. Ndiyo fungu lake."

Akarudi Minneapolis na kiatu kimoja na soksi yangu, mwanangu huko nyuma kacheka mpaka kapata kwikwi.

Usiku simu zikaanza kwenda Tanga. Kwa dada yake, jitu lilikuwa refu kama mnazi. Kwa jirani likaupita mnara wa msikiti. Ilipofika zamu ya mwalimu wa madrasa, lilikwisha kusimama, likatukimbiza hadi barabara kuu, na Shangazi ndiye aliyelipiga kwa kiatu likaanguka kifudifudi.

"Huamini?" akasema, akanisogezea simu. "Muulize huyu hapa. Alikuwepo."