Dirisha la Kutokea Wakati wa Moto: Je, Sharti Hili Lina Haki Ghorofani?

Moto ukizuka jikoni usiku, moshi hutangulia kupanda ghorofani kabla ya ndimi za moto, kwa sababu ngazi zisizo na mlango huuvuta juu kama dohani. Aliyelala juu akikuta ukumbi umejaa moshi, hubaki na dirisha tu. Kwa sababu hiyo kanuni za ujenzi za nchi kadhaa hudai dirisha linalopitisha mtu katika vyumba vya juu, ingawa wapo wenye nyumba wanaoliona sharti hilo kuwa mzigo.

Mwongozo wa Uingereza hutaka uwazi usiopungua mita za mraba 0.33, upana na kimo visivyopungua milimita 450, na ukingo wa chini usiozidi milimita 1,100 kutoka sakafuni. Hapa wengi huteleza: 450 kwa 450 ni mita za mraba 0.20 tu, hivyo dirisha lenye upana huo linahitaji kimo cha milimita 734 hivi. Tena kinachopimwa ni nafasi inayobaki dirisha likiwa wazi, wala si ukubwa wa kioo. Dirisha pana lenye bawaba juu, linalosukumika kiasi cha shibiri moja kisha likakwama, halihesabiki. Kanuni ya kielelezo ya Marekani, yaani ile iliyotungwa ili majimbo na miji iifuate, hudai zaidi, mita za mraba 0.53, kwa kuwa humfikiria pia askari wa zimamoto anayeingia na mtungi wa hewa mgongoni.

Wanaopinga wana hoja nzito. Dirisha linalofunguka kwa urahisi humsaidia mwizi, na mtoto mdogo anaweza kuanguka kupitia hapo. Katika nyumba kuukuu, kupanua tundu la ukutani ni gharama kubwa. Zaidi ya hayo, mzee asiyeweza kupanda ukingo hapati msaada wowote, na hata kijana mwenye afya akiruka anaweza kuvunjika. Kanuni ya Uingereza yenyewe haitegemei dirisha pale sakafu inapozidi mita 4.5 kutoka ardhini.

Hoja hizo, kwa maoni yangu, zinagusa namna ya kulitekeleza sharti kuliko sharti lenyewe. Hofu ya wizi haihitaji nondo zilizochomelewa, kwani zipo za bawaba zinazofunguliwa kwa ndani, na kanuni ya Marekani huziruhusu mradi zifunguke bila ufunguo, kifaa wala ujuzi maalumu. Kwa watoto kuna vizuizi ambavyo mtu mzima huvitoa kwa mkono. Nisichoweza kukikubali ni kufuli ambalo ufunguo wake umetundikwa sebuleni, kwa maana huko ndiko kwenye moto.

Kuhusu gharama, nawaunga mkono wapinzani kwa kiasi: chumba kinachofungukia ngazi zilizokingwa kwa kuta na milango inayostahimili moto, zinazoishia mlango wa nje, hakipaswi kulazimishiwa dirisha, na mwongozo wa Uingereza huikubali njia hiyo. Wanaposema vitambua moshi pekee vinatosha, naachana nao, maana kengele humwamsha mtu lakini haimfungulii njia. Palipo na mgonjwa au mzee, ngazi zilizokingwa ndizo za kutangulizwa, na ikiwezekana alale chini.