Kipande cha alumini kilichopigwa mchanga bado si safi kwa mchomeleaji

Mchomeleaji anayerudisha kipande cha alumini kilichotoka kupigwa mchanga huonekana msumbufu. Kipande hakina rangi ya zamani wala doa la grisi, na kimekuwa cha kijivu kilicholingana kila upande. Aliyekisafisha anauliza: mnataka usafi gani zaidi ya huu? Swali lake ni la haki. Kingekuwa kipande cha chuma, kingechomelewa hapo hapo na mshono ungetoka vizuri.

Faida za kupiga mchanga hazina ubishi. Punje ngumu zikirushwa kwa upepo wa kompresa huondoa kwa dakika chache rangi, kutu na uchafu ambao mtu angehangaika nao nusu siku kwa msasa. Hufika kwenye kona na mikunjo isiyoingilika kwa brashi. Tena huacha uso wenye mikwaruzo midogo ambayo rangi na gundi huishika sana. Haya yote ni kweli hata kwenye alumini, na ndiyo maana wanaoitetea njia hii hawaelewi wenzao wanalalamikia nini.

Wanacholalamikia kinaanzia kwenye ulaini. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ina 10, alumini haifiki 3. Punje za oksidi ya alumini zinazotumika sana kupigia zina 9, na mchanga wa kawaida una 7. Punje ya namna hiyo ikiigonga alumini kwa kasi, haidundi kila mara. Nyingine huvunjika na kuacha vipande vyake vimejichimbia kwenye metali, na metali laini hujikunja juu yake na kuvifunika. Jicho halivioni. Ukifuta kwa kitambaa cheupe, kitambaa kinabaki cheupe.

Sasa washa moto. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Oksidi yake huyeyuka kwenye nyuzi 2,070 hivi. Hapa ndipo ninapoomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu tofauti hiyo ya nyuzi 1,400 ndiyo shauri lote. Kila alumini ina ngozi ya oksidi inayojiotea yenyewe hewani, lakini ngozi hiyo ina unene wa nanomita chache tu, na mkondo wa AC (umeme unaogeuka mwelekeo kila mara) wa mashine ya TIG, inayochomelea kwa tao la umeme kutoka ncha ya tungsteni iitwayo elektrodi, huivunja katika nusu ya mzunguko ambayo elektrodi hiyo ni chanya. Kipande cha punje kilichojichimbia ni jambo lingine. Hata kikiwa na mikromita 20 tu, yaani sehemu ya 50 ya milimita, kinazidi ngozi ya nanomita 4 kwa mara 5,000. Mkondo uliotosha kuvunja ngozi hauwezi kukimaliza. Metali inayeyuka kukizunguka, chenyewe kinabaki kigumu, tao la umeme linayumba, na dimbwi la metali iliyoyeyuka linakuwa na vidoa vyeusi visivyotaka kuungana.

Nacho hakielei. Alumini iliyoyeyuka ina msongamano wa gramu 2.4 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, oksidi yake inakaribia 4. Takataka inazama na kugandia ndani ya mshono, mahali ambapo ufa hupenda kuanzia. Linganisha na chuma: chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na oksidi yake mojawapo, FeO, hutangulia kuyeyuka kwenye 1,377. Silikoni na manganisi zilizomo kwenye waya hukamata oksijeni, na takataka huelea juu ikasubiri kugongwa kwa nyundo. Aliyejifunzia kazi kwenye chuma amezoea metali inayomsamehe.

Kuna na unyevu. Uso wenye mikwaruzo ni mpana kuliko uso laini, na unashika mvuke na mafuta, hasa kompresa ikiwa haina kichujio kizuri. Maji na mafuta vikichomwa hutoa haidrojeni. Alumini ya kimiminika huibeba haidrojeni takriban mara 20 kuliko alumini iliyoganda, kwa hiyo mshono unapoganda gesi hiyo inafukuzwa, na isiyowahi kutoka inabaki kama vijitundu.

Wengine hujibu kwamba dawa ni kubadilisha punje. Shanga za kioo hazikwaruzi sana, lakini nazo huvunjika na kuacha vumbi la silika. Magadi ya kuokea ni afadhali: ni laini na huyeyuka kwenye maji, ila lazima yaoshwe yote na kipande kikauke kabisa. Punje zilizokwisha kupigia chuma zisikaribie kazi hii, kwani huacha chembe za chuma zinazoanzisha ulikaji baadaye.

Ninakubali sehemu moja bila kusitasita. Kipande cha alumini ya kusubu kilicholiwa na chumvi au kuloweshwa mafuta kwa miaka hakisafishiki kwa brashi peke yake. Mashimo yake ni mengi mno. Hapo kipige, ila kwanza ukitoe mafuta, maana punje huyasukuma ndani. Baada ya kupiga, kata au chonga eneo la kuunganisha kwa kisu cha kabidi mpaka ifunuke metali mpya, futa kwa asetoni na kuacha ikauke, kisha pitisha kwa mkono mwepesi brashi ya waya wa chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa metali nyingine. Jiwe la kawaida la kusagia halifai, linaacha punje zile zile ulizotaka kuzitoa.

Kwa bati na mabomba mapya sioni sababu ya mchanga kutangulia. Asetoni, kisha brashi, kisha moto, na mchanga uje baada ya mshono kama kipande kitapakwa rangi. Anayeona huu ni usumbufu achukue mabaki mawili ya bati moja, moja lililopigwa mchanga na jingine la brashi, ayachomelee kwa mkondo ule ule, kisha ayabane kwenye jiliwa na kuikunja mishono mpaka ivunjike. Atazame ndani ya mvunjiko wa kila mmoja, ahesabu vidoa.