Kubana matumizi nako kuna nchi yake

Nyumbani watu wanaamini sisi tulioko Ulaya tunachezea hela. Wakisikia mtu katupa mashine ya kufulia kwa sababu imeanza kunguruma, wanaguna: jeuri ya euro hiyo. Huku nako wageni wapya wanawaona wenyeji mabwege wanaolipia kila kitu. Mimi naona pande zote mbili zinapiga hesabu sawasawa, ila kila upande unaipiga kwa bei za soko lake. Balaa linaanza pale mtu anapobeba hesabu ya soko moja akaenda kununulia kwenye soko lingine.

Tuanze na hiyo mashine ya kufulia. Nyumbani kilicho ghali ni bidhaa; kazi ya mkono ni rahisi (sisemi ni haki, nasema ndivyo ilivyo). Fundi anakuja, anailaza mashine ubavu, anachomoa beringi iliyoliwa na kutu, na kama mpya haipatikani anang'oa ya mashine nyingine iliyokufa. Kesho yake unafua. Kwa hiyo anayenunua mashine ya bei ya chini hajakosea, maana nyuma yake yupo fundi. Huku ni kinyume chake. Mashine ni nafuu, fundi ndiye ghali. Unalipa kwanza kufika kwake mlangoni, bisibisi haijatoka mfukoni, halafu unalipa saa, halafu kipuri. Na mashine nyingi za siku hizi pipa lake la ndani limeungwa kiwandani moja kwa moja, halifunguki. Beringi ikifa unabadilisha pipa zima, na hapo umeshaikaribia bei ya mashine mpya. Anayeitupa hana jeuri yoyote, kapiga hesabu tu.

Ndiyo maana huku kitu cha kuangalia kabla ya bei ni je, kikiharibika itakuwaje. Sheria za Umoja wa Ulaya zinambana muuzaji awajibike kwa bidhaa mpya kwa muda usiopungua miaka 2. Ufaransa mwaka 2021 ilianza kulazimisha simu, kompyuta mpakato, televisheni na mashine za kufulia ziandikwe alama juu ya 10 kuonyesha zinatengenezeka kwa urahisi kiasi gani. Sasa mtu wetu anakwenda kununua kwa mtu wa kupigiwa simu, bila risiti, ili apunguziwe kidogo. Punguzo lenyewe kalilipia kwa haki ya miaka 2. Nyumbani ningefanya kama yeye bila kusita, risiti ya nini wakati muuzaji namjua na fundi namjua?

Simsemi asiye na namna. Mwenye mshahara wa kufikia mwisho wa mwezi kwa kuchechemea ananunua kinachotosha mfuko wake leo, na kitakapokufa atanunua kingine, na kwa miaka kumi atakuwa katumia zaidi ya tajiri. Hilo liko kila nchi. Nawasema wenye uwezo ambao bado wanajisifia ujanja.

Hasara kubwa kuliko zote, kwa niliyoyaona, iko kwenye joto la nyumba. Nyumbani kuzima ni kuokoa. Umezima taa, umezima feni, umeokoa, mambo yameisha. Na kwa kuwa umeme wengi wanaulipia kabla, mita inakwambia palepale. Mtu anafika huku na akili hiyo, baridi inaingia, anazima joto kabisa na madirisha anayabana yasipitishe hata upepo. Humo ndani anapika, anaoga, na nguo mbichi anazianika sebuleni. Mvuke wote huo hauna pa kwenda. Unagusa ukuta wa baridi, unageuka maji, na nyuma ya kabati, kwenye kona isiyofikiwa na hewa, vinatokea vidoa vyeusi. Anafuta kwa kitambaa. Baada ya wiki vimerudi, vimepanda juu hadi karibu na dari, na makoti yaliyomo kabatini yananuka ukungu. Siku ya kuhama mwenye nyumba anatembeza tochi pembeni mwa kuta, na amana ya pango inakwenda kwa fundi wa rangi. Wenyeji wanaacha joto dogo muda wote, na mara chache kwa siku wanafungua madirisha wazi kabisa kwa dakika chache, hata theluji ikianguka. Kwa mgeni hiyo ni kupasha joto barabara. Kumbe kinachotoka ni unyevu. Kuta zenyewe zinabaki na joto lake.

Wapo pia wanaokimbilia hita ndogo ya umeme kwa kuwa dukani ni bei ya kutupa. Hita ya namna hiyo, uniti moja ya umeme inatoa joto la uniti moja, basi. Pampu ya joto, mtambo unaovuta joto la nje na kuliingiza ndani, kwa uniti hiyohiyo inaweza kutoa karibu tatu. Lakini pampu ya joto hainunuliwi na mpangaji, kwa hiyo nisiendelee.

Kinachonichekesha ni kwamba tukigeukia nyumbani tunakosea vilevile, upande wa pili. Huku gari lililotumika ni rahisi, basi tunalinunua na kulipakia melini. Forodha haijali risiti yako. Mara nyingi ina thamani yake ya kukadiria, na kodi inatozwa juu ya hiyo. Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa. Karatasi moja ikichelewa, bandari inahesabu siku za kuhifadhi, na kila siku ina malipo yake.

Halafu kuna ujenzi. Mtu ambaye huku hathubutu kubadilisha bomba bila fundi mwenye leseni, nyumbani anajenga nyumba nzima bila mhandisi. Anasema mhandisi ni ghali. Nyumbani, ukilinganisha na bei ya saruji, nondo na mabati, ujira wa mtaalamu ni kipande kidogo tu, na ndicho anachokikata! Anabaki kutumiwa picha kwenye simu. Picha inaonyesha ukuta umenyooka na rangi imekaa, haionyeshi msingi umekwenda chini kiasi gani wala nondo ngapi ziko ndani ya nguzo. Nyufa zikianza kutambaa, lawama zote anaangushiwa ndugu aliyesimamia, kwamba kala hela. Wengine wamekula kweli. Lakini zipo nyumba ambazo hela yote iliingia kwenye saruji, hakuna aliyeiba hata mfuko mmoja, na bado zinabomolewa.