Lile tangazo la "Siwapi Facebook ruhusa"

Kila baada ya muda lile tangazo hurudi. Shangazi analituma kwenye kundi la familia, jirani analibandika kwenye ukurasa wake: kuanzia kesho Facebook watakuwa na haki ya kutumia picha zako, kwa hiyo nakili maneno haya uyaweke kwako, utamke kwamba huwapi ruhusa. Matoleo mengine yanataja hata Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo sisi Wakenya tunaijua kwa mambo mengine kabisa. Toleo la Kiingereza limekuwa likizunguka tangu 2012 hivi. Mwaka 2024 lilifufuka tena likizungumzia akili mnemba (AI) ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook na WhatsApp, na hata watu mashuhuri wa Marekani wakalibandika.

Kisheria, tangazo lile halikusaidii chochote. Makubaliano yako na kampuni ni yale uliyoyaridhia ulipofungua akaunti, na ukiendelea kuitumia baada ya masharti kubadilishwa unahesabiwa umeyaridhia mapya pia. Ila sipendi namna watu wanavyowabeza wanaolibandika. Wameuliza swali ambalo wengi wetu tuliobofya "Nakubali" hatukuliuliza: vitu vyangu mle ndani ni vya nani?

Masharti ya Facebook yanasema wazi kwamba picha na maandishi unayoyaweka ni mali yako. Anayesema wamejimilikisha picha zetu amekosea. Maneno yanayofuata ndiyo mazito. Unawapa leseni ya dunia nzima, wasiyoilipia hata senti, wanayoweza kuihamisha na kuwagawia wengine: leseni ya kuhifadhi kazi yako, kuinakili, kuisambaza, kuibadilisha, kuionyesha hadharani, kuitafsiri na kutengeneza nyingine kutokana nayo. Ni kama kubaki na hati ya nyumba huku mpangaji ana ufunguo wa kila chumba, halipi kodi, na anaruhusiwa kuwapangisha wenzake. Leseni hiyo hukoma ukifuta ulichoweka, japo zipo hali ambapo nakala hubaki, kwa mfano mtu mwingine akiwa amekwisha kuitumia.

Hata hako kakifungu ka kukoma kalipiganiwa. Februari 2009 Facebook waliondoa sentensi iliyosema leseni inakwisha mtu akifuta vitu vyake. Watu wakalipuka kwa hasira, Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, akaandika kujitetea, na baada ya siku chache tu masharti ya zamani yakarudishwa. Watumiaji wakapewa hata haki ya kuyapigia kura masharti mapya, haki iliyofutwa mwaka 2012. Nalitaja hili kwa sababu tumezoea kudhani masharti haya hayabadiliki. Yanabadilika yakisukumwa.

Lakini picha si sehemu kubwa ya jambo hili. Sehemu kubwa ni yale ambayo hukuyaweka wewe: saa unazofungua programu, ulipo, aina ya simu yako, video uliyoitazama hadi mwisho bila kubofya chochote, namba zilizomo kwenye simu yako pamoja na namba ya bibi yako ambaye hajawahi kufungua akaunti popote. Mwaka 2011 Max Schrems, wakati huo mwanafunzi wa sheria kutoka Austria, aliwataka Facebook wampe kila walichokuwa nacho kumhusu. Akapata zaidi ya kurasa 1,200, zikiwemo jumbe alizodhani amezifuta. Hakuna kifungu cha masharti kinachosema kurasa zile ni zake. Ndiyo maana swali la umiliki peke yake halitufikishi mbali. La kuuliza zaidi ni nani ana uwezo wa kusema hapana, na akaheshimiwa.

Na hapa ndipo nakasirika, kwa sababu uwezo huo umegawanywa kwa ramani. Januari 2021 WhatsApp walitutumia ujumbe kwamba sera ya faragha inabadilika, tukubali kufikia Februari 8 kama tunataka kuendelea. Mamilioni wakahamia Signal na Telegram, programu nyingine za kutumiana jumbe, tarehe ikasogezwa hadi Mei 15. Watu wa Ulaya walikuwa na sera yao, tofauti na yetu, kwa sababu sheria yao inauma. Facebook walipoinunua WhatsApp mwaka 2014, waliwaambia wasimamizi wa Ulaya kwamba hawangeweza kuunganisha kwa uhakika akaunti za huduma hizo mbili. Miaka miwili baadaye wakaanza kuziunganisha. Mwaka 2017 Tume ya Ulaya ikawatoza faini ya euro milioni 110 kwa kutoa maelezo ya kupotosha.

Akili mnemba imefuata njia hiyohiyo. Mwaka 2024 Meta walipotaka kuifunza mitambo yao kwa machapisho ya wazi ya watu, Ulaya ilipinga na mpango ukasimamishwa kwa muda. Brazil nayo ilipiga marufuku Julai mwaka huohuo. Sisi wa huku tulisoma habari hizo kama za majirani.

Msiniambie Afrika haiwezi. Tume ya ushindani na ulinzi wa walaji ya Nigeria iliichunguza sera ileile ya WhatsApp ya 2021 kwa zaidi ya miaka mitatu, na moja ya hoja zake ilikuwa hii hii ya Wanigeria kutendewa tofauti na watu wa kwingine. Julai 2024 ikawatoza Meta faini ya dola milioni 220. Meta wakakata rufaa, na Aprili 2025 baraza la rufaa likaithibitisha faini hiyo.

Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kamishna wake. Inakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje, kuiona, kuisahihisha, kupinga matumizi yake na kutaka ifutwe. Imeshafanya kazi: Septemba 2023 ofisi ya kamishna iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Nilifurahi sana siku ile. Watanzania nao wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume ya kuisimamia.

Sasa someni kifungu cha 63 cha sheria yetu. Faini ya juu ni shilingi milioni 5, au kwa kampuni, asilimia moja ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kutegemea kipi ni kidogo. Kipi ni kidogo! Ulaya ni euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima, kutegemea kipi ni kikubwa. Meta waliingiza zaidi ya dola bilioni 160 mwaka 2024. Shilingi milioni 5 huiumiza shule, huiumiza klabu, na kampuni kubwa haiihisi kabisa. Tumeitunga sheria inayowabana wadogo na kuwapisha wakubwa, tena kwa mkono wetu wenyewe.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Wewe msomaji, nenda kwenye mipangilio ya akaunti yako, omba nakala ya taarifa zako na uzisome. Ukikuta kisichostahili kuwepo, dai kifutwe, na wasipokujibu peleka malalamiko kwa kamishna, au kwa tume ukiwa Tanzania. Malalamiko yenye jina na ushahidi yana uzito ambao tangazo la kunakili halina. Nanyi wabunge, mkifungue upya kifungu cha 63 kabla sera nyingine haijatufikia kwenye simu ikitutaka tukubali au tuondoke.