Chanjo ya RSV kwa wajawazito: tusiazime kalenda ya wenye baridi

Mwongozo wa Marekani unamtaka mhudumu wa afya amchanje mjamzito dhidi ya RSV, virusi vinavyoshambulia mapafu ya watoto wachanga, akiwa na wiki 32 hadi 36, tena, kwa sehemu kubwa ya nchi, kati ya Septemba na Januari tu. Uingereza, iliyoanza Septemba 2024, huchanja kuanzia wiki ya 28, mwezi wowote. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2025 lilitaja wiki ya 28. Sisi tufuate upi?

Wamarekani wana sababu. Kinga ya mama hupungua mwilini mwa mtoto, na msimu wao wa RSV una mipaka. Kuhusu wiki 32, katika jaribio kubwa la chanjo hii watoto njiti walizidi kidogo upande wa waliochanjwa. Tofauti hiyo haikuthibitisha kosa la chanjo, ila majaribio ya chanjo nyingine, ya GSK, yalikuwa yamesimamishwa 2022 kwa wasiwasi huohuo. Kusubiri kunaeleweka.

Tatizo ni nani anayesubirishwa. Kinga huhitaji takriban siku 14 kumfikia mtoto tumboni. Anayezaliwa wiki ya 33, mama akiwa amechanjwa ya 32, huzaliwa karibu mikono mitupu, na njiti ndiye RSV humkaba zaidi. Marekani atadungwa nirsevimab, sindano ya kingamwili anayopewa mtoto mwenyewe. Kwenye zahanati ya kijijini huku, usitegemee kuikuta.

Halafu hizo wiki zenyewe nani anazijua? Mama wengi hufika kliniki bila kipimo cha ultrasaundi. Mkunga hukisia kwa tarehe ya hedhi ya mwisho na kwa kupima tumbo. Dirisha la wiki tano kwa makisio ya namna hiyo ni sawa na kumwambia "rudi mwezi ujao", na sote tunajua wangapi hawarudi. Chanjo ya pepopunda hatuiulizi mwezi.

Hata kinga "inayopungua" tuiangalie vizuri. Katika jaribio hilo, siku 90 za mwanzo za mtoto chanjo ilizuia ugonjwa mkali kwa asilimia 81.8, ukihesabu siku zote 180, asilimia 69.4. Siku 180 ni miezi sita, na karibu nusu ya vifo vya RSV vya walio chini ya miaka mitano hutokea kabla ya umri huo. Kati ya watoto wachanga wanaokufa kwa RSV, asilimia 97 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Mimi asilimia 69.4 naichukua, mwezi wowote, kuanzia wiki ya 28, kwa sharti moja: kila njiti aandikwe kwenye rejesta pamoja na tarehe ambayo mama yake alichanjwa.