Wanne Barazani, Bila Intaneti

Miongoni mwa vijana wa Kigoma wanaocheza michezo ya mapigano iliyotokana na anime, yaani katuni za Kijapani, yapo mabishano kuhusu ushirikiano wa vifaa vilivyokaribiana, yaani kucheza pamoja mkiwa mahali pamoja bila intaneti, ambao wengi sasa wanauita masalia ya enzi ya PSP, kifaa cha zamani cha michezo cha mkononi cha Sony. Kwao, mchezo usiomkutanisha mtu na wenzake wa mbali una upungufu, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Sword Art Online: Hollow Fragment, mchezo wa PS Vita (kifaa kilichoifuata PSP) uliotoka mwaka 2014, uliruhusu watu wanne kushirikiana, lakini kila mmoja alihitaji kifaa chake na nakala yake, na kuwapata wanne wa namna hiyo katika mtaa mmoja wa Mwanga au Ujiji si jambo jepesi.

Hata hivyo, wanaosema hivyo huupima mchezo kwa siku ulipoingia dukani, wakasahau siku seva, kompyuta za kampuni zinazowaunganisha wachezaji wa mbali, zitakapozimwa. Mwezi Aprili 2024 kampuni ya Nintendo ilifunga huduma ya kucheza kwa intaneti kwenye 3DS, kifaa chake cha michezo cha mkononi kilichotoka mwaka 2011. Ni miaka 13 tu. Kwetu, ambako vifaa vya namna hii mara nyingi hufika vikiwa mtumba, maana yake ni kwamba anayeinunua 3DS leo anakuta mlango wa intaneti umefungwa kabla hajaiwasha, ilhali wawili walioketi baraza moja hawajapungukiwa na chochote, kwa kuwa vifaa vyao huwasiliana moja kwa moja kwa mawimbi ya redio, bila seva wala bando. Kinachoitwa masalia ndicho kilichobaki hai.

Tena ushirikiano wenyewe hunoga watu wakiwa karibu. Katika michezo ya Attack on Titan, anime ya watu wanaopigana na majitu, jitu haliuawi mpaka likatwe kisogoni, hivyo mmoja hulivuta macho na mwingine akalizunguka, na neno "sasa!" lililotamkwa ubavuni mwako halicheleweshwi na mtandao. (Majirani waliolala wana maoni yao juu ya neno hilo.)

Linabaki suala la gharama, nalo ni zito. Lakini Nintendo DS, kifaa kilichoitangulia 3DS, tangu mwaka 2004 iliwezesha kadi moja ya mchezo kurusha sehemu ya mchezo kwenye vifaa vya wenzake wasio na nakala, pale watengenezaji walipokubali kuiweka njia hiyo. Kwa hiyo anayelalamikia nakala nne za Hollow Fragment ana haki ya kulalamika, ila lawama aipeleke kwa waliouza mchezo huo.