Tofauti ya vikapu ya msimu mzima si ya kwanza
Mwandishi mmoja kasema timu za ligi ya kikapu Dar es Salaam, BDL, zikilingana pointi kwenye msimamo huangaliwa kwanza tofauti ya vikapu (pointi ulizofunga ukitoa ulizofungwa) ya msimu mzima. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, sivyo. Kwanza ni matokeo ya wao kwa wao. Zikigawana ushindi, inafuata tofauti ya vikapu katika mechi hizo mbili tu. Ndiyo maana kocha aliyeshinda kwa 8 raundi ya kwanza, akiwa nyuma kwa 9 sekunde za mwisho, bado anaita taimauti: kikapu kimoja cha pointi 2 kinamweka juu, maana atafungwa kwa 7 tu.

Kipigo cha mezani, yaani kupoteza mechi bila kucheza, ndicho balaa. Dakika 15 zikipita baada ya muda wa kuanza hujafikisha wachezaji watano, ni 20-0 na pointi sifuri kwenye msimamo. Anayefungwa uwanjani hupata 1. Wachezaji wengi wanatoka kazini, na foleni ya Dar mnaijua.